Mama Arua Anahamia Wapi

Jumatatu, 7 Julai. Koboko.

Mvua asubuhi, jua saa nne. Nimechelewa kutandika vitenge. Kiden ameshasogeza meza yake tena upande wangu. Kila siku kidogo, hutamshika. Akiendelea hivi nitauzia barabarani. Nimemwambia. Amecheka. Anauza vitenge kama mimi, kwa wateja walewale, wanawake wa Sudani Kusini wanaotaka rangi kali. Namchukia mpaka saa saba, halafu tunakula pamoja, kwa sababu maharage yake yana simsim.

Fatuma kapiga simu kutoka Dubai. Tulisoma wote Mvara, kwetu Arua, akatangulia kuondoka. Nafasi moja inabaki wazi chumbani kwao. Nikae naye, ninunue mali kule, nitume huku, niwe bosi wa kwenye simu. Anataka jibu kufikia Jumapili, la sivyo anampa mwingine.

Jumanne, 8 Julai.

Nimeifikiria dunia nzima leo. Mwenye biashara yake anaweza kuishi popote, ndivyo ninavyojisifu. Sina mume wa kuniuliza nilikolala, sina mtoto, sina bosi. Haya, popote ni wapi?

Juba. Nilijaribu mwaka juzi. Fedha yao inalala na thamani, inaamka bila. Maji ya kununua. Hapana.

Mvara. Kaka yangu Drani ananiita nijenge chumba nyuma ya nyumba yake. Ni kwetu, sikatai. Lakini mkewe anautazama mkono wangu nikichota sukari. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nimeshalishika sana pale.

Dubai. Sijui chochote kuhusu Dubai. Ndiyo sifa yake kubwa.

Koboko sijaiweka hesabuni. Koboko ni pa kuuzia. Chumba cha kupanga, godoro, sufuria mbili.

Jumatano, 9 Julai.

Nimeamua. Dubai. Kesho Arua, kushughulikia pasipoti. Sijamwambia mtu. Sokoni ukitamka kwamba unaondoka, kabla ya jioni wameshagawana nafasi yako, Kiden wa kwanza. Nimemwambia nakwenda hospitali Arua, kifua kinanibana. Alinitazama sana. Akaniletea tangawizi. Nikaona aibu, lakini tangawizi nikachukua.

Mwenye stoo tunapolaza mali na meza hakuwepo jioni. Vitenge nimevibeba hadi chumbani, meza nimeiacha palepale. Nimeipindua miguu juu ili mbuzi wasiilalie.

Alhamisi, 10 Julai. Arua.

Foleni ndefu kule juu, Arua Hill. Kwenye picha ya pasipoti nafanana na mtu aliyekamatwa. Nikishuka kwenye boda simu ikaanguka, kioo kwisha, haiwaki. Iko kwa fundi. Jumamosi, anasema. Natembea Mvara bila simu na hakuna anayenitafuta. Raha tupu.

Mke wa Drani kauliza mara mbili nitakaa hadi lini.

Ijumaa, 11 Julai.

Karatasi zimepokelewa. Nimelala mchana kama tajiri. Nina furaha. Najiona ndani ya lifti. Sijawahi kupanda lifti.

Jumamosi, 12 Julai. Koboko.

Leo nimehudhuria matanga yangu mwenyewe.

Niandike vizuri, maana nikisimulia hakuna atakayeamini. Fundi hakuwa amemaliza simu, nikaiacha, nikapanda gari. Nafika ninapopanga, wanawake wamejaa kwenye mikeka hadi mlangoni. Moto, masufuria makubwa. Safu yetu yote ya soko iko pale. Nikajua mwenye nyumba amefariki. Mzee mwema, hakuwahi kunisumbua. Nikavua viatu, nikajifunika kitenge kichwani, nikakaa mwisho wa mkeka. Nikalia na wenzangu. Nililia kweli.

Baadaye nikamnong'oneza jirani, mama mmoja wa Yei anayeuza nyanya. Mzee aliugua nini? Akajibu bila kuinua uso.

"Mzee gani? Iko Mama Arua. Kifua."

Mama Arua ni mimi. Hapa hawana jina langu lingine.

Nikataka kufunua kichwa. Ndipo nikasikia sauti ya Kiden. Alikuwa amesimama karibu na moto, anabishana na wanaume wa kamati ya soko. Mwili upelekwe wapi? Arua, wanasema. Arua wapi, nyumba ya nani? Hakuna anayejua. Miaka yote hii sikuwahi kumwambia mtu kwetu ni wapi, kwa ujanja wangu. Mwenyekiti akaona afadhali mwili ubaki hospitali, serikali itafute ndugu.

"Hapana," Kiden akasema. "Mutu yetu hakuna kulala kwa serikali. Kama kwao haijulikani, anakuja kwetu Dranya. Shamba iko. Mimi mwenyewe naonyesha mahali, na mume yangu atachimba."

Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia. Kiden huyuhuyu.

Nimebaki chini ya kitenge. Nilijua inafaa nisimame. Nilishindwa. Nilikuwa nalia upya, safari hii sijui namlilia nani.

Mama wa nyanya akageuka kunibembeleza, akaniona. Aliruka na mkeka wake. Wengine wakakimbia hadi barabarani, mwenyekiti mbele yao. Kiden hakukimbia. Alikuja polepole, akanishika mashavu, akanifinya kwa nguvu. Nikasema uwii.

"Iko hai," akawaambia. Kisha kwangu: "Na maharage yote hii?"

Kumbe ni meza. Kwenye safu yetu meza ikipinduliwa miguu juu, mwenyewe amefariki. Anayesafiri huilaza ubavu tu. Tangu nije hakuna aliyekufa kwenye safu, ningejulia wapi? Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyepata habari, akaipindua. Meza miguu juu, kifua, hospitali, simu haipatikani. Hata mimi ningejililia. Wanaume wawili walikuwa bado Arua wanauulizia mwili wangu.

Chakula cha matanga hakirudi nyumbani. Tumekila. Nimekula sahani mbili. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini pilipili ya matanga yangu naijua mimi.

Jumapili, 13 Julai.

Mwenye nyumba kaniazima simu yake. Nimempigia Fatuma. Nimesema siendi. Kakasirika, kauliza kuna nini huko Koboko. Nimesema kuna watu wanalia vizuri. Akadhani namtania.

Halafu nimekwenda kwa Kiden, nikamwambia yote. Kifua changu ni kizima, nilidanganya. Nilikuwa naondoka bila kuaga. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliendelea kuchambua mchele mpaka nikaondoka.

Naogopa. Nimekataa Dubai kwa ajili ya watu hawa, na sasa huenda sina Dubai wala watu.

Jumatatu, 14 Julai.

Kiden hajanisalimu. Meza yake hajaisogeza hata kidogo. Nimekula chapati peke yangu, kavu. Sokoni wote wananichungulia kama mzuka. Mteja mmoja kakataa kushika chenji kutoka mkononi mwangu.

Jumanne, 15 Julai.

Kimya bado. Nimeuza vizuri, sina raha. Jioni Kiden kapita akasema bila kusimama, "Kesho asubuhi, soko hakuna. Vaa viatu ya shamba."

Jumatano, 16 Julai. Dranya.

Tumekuja kwa boda moja, yeye katikati. Amenipitisha nyuma ya nyumba zao, nimesalimia mama mkwe wake, tukafuata njia ya shambani mpaka mahali palipoinuka kidogo. Upande mmoja makaburi ya watu wao. Upande mwingine mihogo.

"Hapa," akasema.

Nimepatazama. Ni pazuri. Udongo mwekundu, upepo, mtu anapalilia kwa mbali. Nimemwuliza kama mtu anaweza kupewa mahali kama hapa akiwa bado hai. Si pa kuzikwa. Pa kujenga chumba kidogo.

Amezunguka, akasukuma udongo kwa mguu. Amesema atamwuliza mume wake, lakini mihogo lazima ivunwe kwanza. Nimesema nitangoja.

Akang'oa shina moja la muhogo. Tumekaa chini, tumemenya, tumetafuna mbichi.