Lori Moja, Matairi ya Watu Wanne

Mshauri wetu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Kibirichia, huku juu karibu na msitu, na ninaomba unijibu kabla mvua haijarudi, maana nimefanya jambo ambalo kijiji kizima kinanilaumu kwalo na mimi bado sijaona kosa langu liko wapi, ila nimechoka, mtoto mdogo ananyonya, yule mkubwa anakohoa, na kila asubuhi tunapigiwa filimbi twende kuchimba handaki la kijiji kwa sababu ya hii Hali ya Hatari, kwa hivyo ukiona mwandiko wangu umepinda ujue naandika mtoto akiwa mapajani.

Mume wangu anaitwa Mithika, naye ndiye dereva wa lori ambalo yeye na wenzake watatu walilinunua kwa shirika waliporudi kutoka vita vya Bama. Ni lori dogo la magurudumu manne, linapeleka viazi na kabeji zetu Gakoromone, kule mjini Meru, siku za soko. Walipolinunua lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina tairi hata moja, wakakubaliana kila mmoja alete lake, na tangu siku hiyo kila mtu ana gurudumu lake na amelipaka rangi yake, na ukimwambia mmoja kwamba tairi lake limekwisha, yeye anasikia umemwambia ashuke kwenye lori asiwe mwenye mali tena. Basi la mume wangu liko nyuma kushoto, lina meno marefu. La Kivuti liko nyuma kulia, ni la kutembelea lami, lina mistari myembamba tu, na lami yenyewe huku kwetu hatujaiona. La Njura liko mbele, limeshonwa ubavuni kama kiatu. La Mwongera liko mbele pia, na hilo ni kipara kabisa, ukilipapasa ni kama unapapasa chungu.

Sasa wewe labda hujui mvua ya mawe ya huku. Haianguki ikayeyuka. Inalala barabarani mpaka mteremko wote unakuwa mweupe kama umemwagiwa chumvi, na chini ya huo weupe kuna udongo mwekundu ulioloa. Msimu uliopita tulikuwa tukirudi kutoka sokoni, mimi nimekaa mbele na mtoto, wanawake wa viazi wako nyuma, tukaingia kwenye huo weupe, Mithika akakanyaga breki, upande wake ukashika na upande wa Kivuti ukakataa, lori likazunguka likaangalia tulikotoka, na gurudumu moja likabaki linaning'inia juu ya korongo. Tulishuka tukishikana nguo. Lakini hilo silo lililonitisha zaidi, kwa sababu jua lilikuwa linazama na saa ya kafiu, ambayo mtu haruhusiwi kuonekana nje, imekaribia na lori haliwezi kutoka, na askari wa doria wakatukuta hapo wakatulaza kifudifudi juu ya ile barafu, sisi na watoto, bunduki zimetuelekea, mpaka wakamaliza kukagua pasi ya kila mtu. Mmoja wao alisema, "Siku nyingine tukiwakuta hapa saa imepita, hatutauliza pasi." Hakusema kwa hasira, Mshauri. Alisema kama mtu anayekuambia njia ya kwenda kisimani.

Kesho yake, lori lilipokwisha kuvutwa na kurudishwa kijijini, niliwaambia wale wanaume wote wanne waliokuwa wakinywa uji uani kwangu, "Hamtatubeba tena na matairi haya."

Mwongera akasema, "Shemeji, tairi langu halijapasuka hata siku moja."

"Litapasuka nini, na halina kitu. Lina kipara kukushinda wewe."

Kivuti alicheka mpaka uji ukamwagika. Mwongera akavuta kofia yake chini. Njura ndiye aliyekasirika, akaniuliza, "Sisi tumevuka matope ya Bama na malori ya jeshi, mama. Wewe umevuka nini?"

Nikamwambia, "Huko Bama tairi lilikuwa la serikali. Hili ni lako, ndiyo maana unalilia."

 Mithika aliniambia mimi tu, kwa sauti ya chini, "Mama Gatwiri, nyamaza, unaniaibisha."

Nilinyamaza. Ila walipokuwa wanajitayarisha kwa soko lililofuata nilichukua kile chuma cha kuwashia lori, kile kinachoingizwa mbele na kuzungushwa, nikakificha, na lori limeegeshwa shimoni nyuma ya duka la kijiji, ambapo hata kulisukuma ili liwake hawawezi. Sitasema nimekificha wapi kwa sababu Mithika hulisoma gazeti hili kabla yangu. Nimewaambia hawatakiona mpaka matairi yabadilishwe, nao wamesema hawapewi amri na mwanamke, na hapo ndipo tulipo mpaka leo, viazi vinaota kwenye magunia na wanawake wanavibeba mgongoni kwenda mpaka Meru. Igoki, jirani yangu, ambaye ana mimba kubwa, alipita mlangoni na mzigo wake akaniambia, "Wewe na chuma chako mtatumaliza kabla ya hayo mawe." Neno hilo limeniingia, sikatai.

Mithika naye amesema nikirudishe au nirudi kwa baba yangu nikiwa nimekibeba kichwani. Mshauri, huyu si mtu mbaya, ndiye anayemchemshia mtoto maji ya kuoga nikiwa handakini, na ndiyo sababu nataka arudi nyumbani mzima. Sitaki kuitwa mjane kwa sababu Mwongera alionewa huruma. Niambie, nikitoe chuma au nisikitoe? Na kama watakubali, niwaambie watafute matairi ya namna gani, maana wanangoja nikosee hapo wanicheke.

Mimi Mama Gatwiri,
Kibirichia


MSHAURI ANAJIBU

Mama Gatwiri, pole kwa handaki, pole kwa kikohozi cha mtoto, na pole kwa kulazwa juu ya barafu. Hujakosea kuogopa. Mtu aliyesikia maneno ya yule askari akapanda tena lori lile lile bila kusema kitu, huyo ndiye ningemwandikia barua ya kumgombeza.

Lakini nitakugombeza wewe pia, kidogo. Umewabana wanaume wanne na waliobanika ni wanawake. Mwongera yuko nyumbani amekaa na kofia yake. Mwenye mzigo mgongoni ni Igoki. Silaha yako ni nzuri ila umeielekeza upande usio wake. Kwa hiyo chuma kitoe, na ukitoe leo. Usimpe Mithika kwa siri jikoni kama mtu aliyeshindwa. Waite wanawake wote wa viazi, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, kisha mwende pamoja mkampe mbele ya wenzake. Mwambieni hivi: lori ni lenu, liwasheni mkitaka, lakini hakuna gunia litakalopanda wala mama atakayepanda mpaka magurudumu yote manne yafanane. Atakayetembea atatembea kwa sababu amekubali mwenyewe, na gunia la Igoki mtaligawana nyinyi wenye migongo mizima. Lori lisilo na mzigo ni banda la kuku tu, na hao wanne wanalijua hilo kuliko wewe.

Sasa matairi. Mimi nami niliendesha lori la jeshi, kwa hiyo Njura asinitajie Bama. Lori lenye tairi nne za namna nne halikuruhusiwa kutoka kambini, na yeye anakumbuka vizuri. Tafuteni manne ya kipimo kimoja na meno ya aina moja. Meno yawe marefu na yenye nafasi pana katikati, ili udongo ukiingia uanguke wenyewe. Meno yaliyosongamana hujaa matope na kuwa kipara kingine. Bonyeza mpira kwa ukucha: ukiwa mgumu kama ubao, uache, kwa maana mpira mkavu hauishiki barafu hata uwe na meno ya mamba. Tazama ubavuni, na penye ufa au mshono usinunue, hata muuzaji akuapie. Mkikosa manne kwa mara moja, anzeni na mawili ya nyuma, yafanane, kwa maana nyuma ndiko lori linakosukumiwa. Lakini msichukue abiria mpaka ya mbele nayo yapatikane. Tafuteni pia minyororo ya kufunga magurudumu ya nyuma, ikae chini ya kiti, na ifungwe kabla ya kuingia kwenye weupe. Dereva anayengoja kuteleza ndipo afunge minyororo ataifunga huku amelala kifudifudi. Na mawingu yakiwa meusi juu ya mlima, ondokeni sokoni mapema, kabeji zibaki kama hazijauzwa. Kabeji haina saa ya kafiu.

Wewe Mithika, najua unasoma. Mke wako hakukuaibisha. Alisema kwa sauti neno ambalo wewe dereva ulipaswa kuwa umelisema zamani, kwa sababu usukani uko mikononi mwako na wewe ndiye uliyesikia upande mmoja ukishika na mwingine ukikataa. Ukitaka kumrudisha kwa baba yake, kwanza mweleze huyo mzee kosa la binti yake ni lipi, halafu uone kama maneno yatakutoka.

Na nyinyi wenye shirika, sikieni. Fungu lenu liko kwenye lori zima, si kwenye gurudumu. Fungueni hayo manne mbele ya watu, kila mmoja achukue lake aende nalo nyumbani, akate viatu vya watoto, watoto wataanza kumshukuru. Matairi mapya nunueni kwa pamoja, na pasiwe na mtu wa kuyapaka rangi. Mbele ya mashahidi semeni kwamba aliyetoa tairi bovu bado ni mwenye mali sawa na mwenzake. Hilo ndilo linalomwuma Mwongera, na hakuna aliyemwambia.

Mama Gatwiri, nenda kawaite hao wanawake kabla ya soko lijalo. Siku mtakapokagua, inameni mguse kila tairi kwa mikono yenu. Wakileta matatu yanayofanana na moja la kubembeleza moyo wa mtu, kaeni juu ya magunia yenu hapo hapo chini, na msinyanyue hata moja.