Injini Inayonguruma Bila Kusaga

Bokoli, Aprili 1992

Mpendwa Mama Mohini,

Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, kwa maana hapa Bokoli wa kunicheka wapo wa kutosha ila wa kunishauri nimemkosa, na ukurasa wako ndio ninaousoma wa kwanza gazeti likifika sokoni, hata kabla ya matangazo ya vifo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naendesha mashine ya kusaga unga hapa sokoni, na mashine yenyewe nilikabidhiwa na mama mkwe wangu, Mama Dinah, ambaye aliinunua zamani pamoja na injini yake ya dizeli kwa jasho la vitunguu na kahawa, wakati ambapo mwanamke mwenye injini alikuwa kitu cha watu kuja kutazama, na kwa miaka yote hiyo ni yeye aliyekuwa akizungusha hendeli asubuhi, hataki kusaidiwa na mwanamume yeyote, mpaka miguu ilipoanza kumsumbua akaniambia, "Nanyama, sasa shughulika wewe," nami nikashughulika.

Basi mwaka jana stima ikafika sokoni, na wewe unajua stima ikifika mahali kila mtu hupata wazimu kidogo, kinyozi anataka mashine ya umeme, mwenye hoteli anaweka redio mbili, mimi nami nikaona dizeli inapanda kila bajeti ikisomwa, moshi unawakohoza wateja, nati moja ikilegea lazima fundi atoke Kitale, kwa hivyo nikamwita fundi huyo huyo, Mzee Gurdev mwenye karakana pale Kibomet, akanifungia mota ya stima, akavua mkanda kwenye injini, tukaiacha injini imesimama kando kama mgeni asiyekaribishwa chai. Mota hiyo, Mama, ni kitu cha ajabu, unabonyeza tu, unga unatoka laini, moshi hakuna, na sauti yake huisikii ukishavuka barabara.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Injini yetu, kama injini nyingi za kusaga huku, ina kikopo kwenye bomba la moshi kinachoifanya ilie tuku-tuku-tuku mpaka ng'ambo ya mto, na wanawake wa huko hawatoki nyumbani na mahindi kichwani mpaka waisikie, wasipoisikia wanachemsha viazi watoto wale walale, na tena ni desturi yetu mtu akifa hapa karibu, injini huzimwa mpaka azikwe. Sasa mota imeanza kazi, injini iko kimya, siku ya kwanza wateja wakaja wachache, siku ya pili wachache zaidi, halafu asubuhi moja nikaona akina mama wa ng'ambo wanapanda wamefuatana, nikafurahi nikidhani ni wateja, kumbe wamebeba kuni na masufuria, wengine wameanza kulia tangu darajani, wanapita mashine moja kwa moja mpaka bomani kwetu nyuma ya soko, kwa kuwa wanajua mama mkwe wangu amefariki. Na aliyewafungulia mlango ni yeye mwenyewe. Mmoja alikaa chini kwenye nyasi akasema, "Woi, mama, si tulisikia injini imenyamaza siku zote hizi, ati tukasema basi, ni wewe." Mama Dinah akawakaribisha, akawapikia chai kwa kuni zile zile walizoleta, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi, nami nilicheka, lakini yeye hakucheka, na tangu siku hiyo hafungui mdomo juu ya mashine.

Kicheko kilikwisha, wateja hawakurudi. Kuna mfanyabiashara wa mahindi anayeitwa Mathenge ambaye alikuwa amefungua mashine yake ya dizeli upande ule wa mto, injini yake inalia kutwa, wanawake wakaisikia hiyo wakaifuata, na sokoni ikawa inasemwa mashine ya Nanyama imekufa. Imekufa wapi na mimi niko pale nimekaa kando ya swichi nangoja?

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Siku moja nilichoka kukaa, nikazungusha hendeli nikawasha ile injini, haina mkanda, haijashikana na kitu chochote, inalia tu, na kabla ya saa sita foleni ilikuwa imefika barabarani. Tangu hapo ndivyo ninavyofanya, injini inanguruma bila kusaga na mota inasaga bila kusikika, nachoma dizeli na kulipia stima kwa wakati mmoja, na wateja wananisifu, ati unga wa injini una ladha yake bana, si kama ule wa stima wa juzi, na mimi nasema asante.

Mume wangu, Festus, anafanya kazi Webuye na huja nyumbani Jumamosi, na aliponikuta hivyo aliniuliza kama nimerogwa, anasema niuze injini kwani watu watazoea tu. Mzee Gurdev naye amepata mkulima wa Tongaren anayeitaka injini hiyo hiyo kwa sababu stima haijafika kwake, na ameniambia waziwazi, "Mama, mimi hapana weza ngoja sana. Jumamosi ya mwisho ya mwezi nakuja na lori. Kama wewe nataka uza, sema. Kama hapana taka, sema." Nikiiuza, nani atawaita wateja wangu, na nisipoiuza, dizeli itanimaliza kabla Mathenge hajanimaliza, na mashine hii ndiyo inayolisha nyumba nzima, yeye mama mkwe akiwemo. Nishauri, Mama, niuze au nisiuze?

Ni mimi,
Nanyama


Nanyama mwanangu,

Kukucheka nimekucheka, nikufiche kwa nini. Nilicheka peke yangu hapa dukani mpaka chai ikapoa. Kisha nikaisoma barua yako mara ya pili, na mara ya pili sikucheka.

Tuanze na biashara, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza. Unafikiri wateja wako wanapenda injini. Hawaipendi. Mwanamke wa ng'ambo ya mto mwenye debe la mahindi kichwani na mtoto mgongoni anataka kujua jambo moja tu kabla ya kufunga mlango wake: nikifika, nitasagiwa? Injini ilikuwa ikimjibu akiwa bado jikoni. Wewe ulikuwa ukiuza vitu viwili, unga na hilo jibu, na ulipoleta mota ukabaki na kimoja bila kujua. Mathenge hajakushinda kwa unga. Amepiga kelele tu mahali wewe umenyamaza.

Festus anasema watu watazoea. Mwambie Mama Mohini amekubali, watu huzoea kweli, lakini wanaweza pia kuzoea kwa Mathenge.

Mimi ni mtu wa duka, sikusomea haya mahali. Marehemu mume wangu, Kailash, aliuza taa za karabai hapa Kitale, na stima ilipoanza kuenea mitaani wenzake walimwambia atupe taa auze balbu. Aliweka balbu kaunta ya mbele kwa watu wa mjini, na taa akazipakia kwenye pikapu akazipeleka mashambani, Tongaren ikiwemo, ambako watu walimpokea kwa furaha. Kitu kikizeeka mahali pamoja, mahali pengine bado ni kipya. Kwa hivyo Gurdev hakudanganyi, injini ile ina kazi ya kufanya Tongaren. Ila namjua Gurdev, hupenda kuharakisha watu. Lori lake litangoja, limeshangoja wengi.

Huo mchezo wa kuwasha injini isiyosaga, uache leo. Wewe ni mtu mzima, unakubalije kusifiwa ladha ya unga kwa uongo na unasema asante? Siku mteja mmoja atakapochungulia nyuma aone injini haina mkanda, hawataamini tena hata kipimo chako cha gorogoro. Waite mwenyewe kabla hawajagundua. Wafungulie mlango, waonyeshe mota, wasagie kidogo mbele ya macho yao, na yule anayesifu ladha ya injini mwambie amekuwa akila unga wa stima muda wote huu. Atanuna siku hiyo, halafu atakuwa wa kwanza kuwasimulia wenzake.

Kisha tafuta kitu kingine cha kujibu lile swali la jikoni. Tundika rimu ya trekta mlangoni na chuma cha kuigonga, kama kengele ya shule, ila uigonge kwa namna yako, usije ukaletewa watoto wa shule darasa zima. Igonge asubuhi ukifungua, na igonge tena stima ikirudi baada ya kupotea. Stima ikiwa haipo usiiguse, hata kama unaona foleni kwa Mathenge na moyo unakuuma. Mlio ukiwadanganya mara mbili hawatausikiliza tena, na hapo utakuwa umerudi pale pale ulipoanzia.

Tena, usitake kumshinda Mathenge kwa kelele, mshinde kwa kile asichoweza. Mwenye dizeli hawashi injini kwa ajili ya mtu mmoja. Anangoja wafike wengi ndipo azungushe hendeli, ama sivyo anasaga hasara. Wewe unabonyeza tu. Ile miezi ya kungoja mavuno, mahindi yakiwa yamepungua nyumbani, mtu huja na gorogoro moja chini ya leso akiona haya. Msagie huyo huyo mmoja, papo hapo, arudi kwa watoto wake. Mwenye wimbi asagiwe wimbi, mwenye muhogo asagiwe muhogo, bila kuambiwa angoje wenzake. Akishavuna atakuja kwako na magunia, kwa sababu ulimsagia alipokuwa na kidogo. Mota uliinunua kwa sababu ya dizeli na moshi, lakini faida yake kubwa iko hapa, na bado hujaigusa.

Biashara nimemaliza. Sasa nije kwa lile lililonifanya niache kucheka.

Umeniandikia mengi, Nanyama. Festus anavyosema nimejua, Gurdev anavyosema nimejua, sokoni wanavyosema nimejua, mpaka mwenye kusifu ladha umeniletea maneno yake. Nimetafuta mahali ulipomuuliza mama mkwe wako, sikupaona. Hiyo injini ni ya nani? Umeandika kwa mkono wako kwamba aliinunua yeye, kwa vitunguu vyake na kahawa yake. Alikuambia ushughulike. Hakukuambia uuze, na wewe na Gurdev mmeshapanga siku ya lori.

Halafu fikiria wale akina mama wa kuni. Waliposikia kimya hawakusema injini imeharibika. Walisema Dinah amekufa. Miaka yote ile, kila asubuhi injini ikilia, walikuwa wanajua yule mama ameamka, ana nguvu, yuko kazini kwake. Kisha wakanyamaziwa, naye akajikuta amesimama mlangoni anapokea kilio chake mwenyewe, anawapikia chai watu waliokuja kumzika, na boma zima linacheka. Wewe uliona hakucheka. Uliona, ukaandika, ukapita, ukaendelea na mambo ya dizeli. Hapo nilikukasirikia, nakuambia ukweli.

Niuze au nisiuze, unaniuliza. Sijui, na si haki yangu kujua. Pengine atakuambia peleka, heri ikasage huko Tongaren kuliko kushika kutu hapa. Pengine atakuambia haiondoki bomani mwangu nikiwa hai, na akisema hivyo Gurdev arudi na lori tupu, nawe uipake mafuta uifunike turubai, maana iko siku stima itapotea wiki nzima na utaishukuru. Mashine yako itaishi kwa jibu lolote kati ya hayo. Ambacho hutaweza kukitengeneza, wewe wala fundi wako, ni mama huyo kuamka Jumamosi akute injini haipo na hakuna aliyemuuliza.

Leo jioni ingia jikoni kwake, ukae chini, umwambie, "Mama, nimekosea, sikukuuliza," halafu unyamaze. Hata akikaa muda mrefu bila kusema kitu, usimjazie maneno. Swali hili umelituma mpaka Kitale, na mwenye jibu mnakula naye ugali mmoja.

Mama Mohini