Theluji Ambayo Haikuanguka

Ushguli, mwishoni mwa Aprili

Mdogo wangu Tsiuri,

Zikufikie salamu za dada yako kabla hujaikunja barua hii kwa hasira. Magoti yako yanaendeleaje? Watoto hawajambo? Sisi wazima, ila nimechoka, mdogo wangu, uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Najua una kinyongo. Mama amezikwa huko Zugdidi bila mwanawe wa kwanza. Mliongeza siku mkinisubiri, majirani wakauliza yuko wapi wa kuongoza kilio. Murtaz, dereva wetu wa gari la abiria, kakupigia simu kukwambia kwamba binti yangu Nestan ndiye aliyefunga barabara. Ni kweli.

Nestan ndiye anayepima theluji ya bonde hili zima, kuona kama itaporomokea barabara. Wanaume wenye masharubu wanangoja kauli yake ndipo wawashe gari! Sijivuni, lakini wewe umeyaona wapi? Dhoruba ilikuja tumeshatoa ng'ombe nje, ikamwaga theluji hadi madirishani, kesho yake jua kali. Murtaz akamsimanga mbele ya watu, eti jua linawaka na yeye anachimba shimo kama fuko. Eti angeolewa mapema asingepata nafasi ya kuchezea theluji. Nestan akamjibu kwamba angeolewa na mtu kama yeye, angehamia shimoni kabisa. Walicheka hadi Murtaz mwenyewe. Huyo ndiye mwanangu!

Basi nikavaa nguo nyeusi, nikafunga mkate wa nyama, nikamfuata mlimani juu ya barabara. Nilikwenda kumwomba anipitishe. Nikamkuta shimoni, macho mekundu, hajalala tangu habari ya bibi yake ifike.

Hapa pana jambo asilolijua Murtaz, na Nestan hatalisema. Sikuwahi hata kuomba. Mwanangu aliponiona na nguo zile alilia, akasema, "Mama, nitafungua. Gari moja tu, lako. Bibi ni bibi." Kidogo nimbusu. Lakini pale shimoni alikuwa amekata theluji ikasimama kama bonge la jibini, koleo limelazwa juu yake. Ndivyo wanavyopima: hupiga koleo kwa vidole, kisha kwa nguvu za kiwiko, kisha za bega. Nikamwambia ngoja nipige mwenyewe. Nikapiga kwa vidole, taratibu, kama unavyogusa unga kuona kama umeumuka. Kipande chote cha juu kikateleza, kikanimwagikia mapajani; kikiteleza kwa vidole tu, mlima nao uko tayari kuporomoka.

Nikamwambia, funga. Watakaopanda gari hilo nao wana mama zao.

Kwa hiyo ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, mtoto mwache. Wala sikufichi: poromoko la theluji halikuja. Theluji imeyeyuka polepole ikaenda mtoni, barabarani halikuanguka hata tonge moja. Murtaz hachoki kunicheka. Nami humjibu kwamba anayenicheka ni mzima, ana miguu miwili. Kisha naingia ndani nakaa, nautazama mkono huu uliopaswa kumwagia mama udongo.

Mwashie mshumaa kwa niaba yangu. Arobaini nitakuja, Nestan akisema njia ni salama. Jibini nimempa Murtaz akuletee. Mpe chai, maneno yake usiyanunue. Nibusie watoto wote.

Dada yako akupendaye,
Makvala, mama yake Nestan