Barua Niliyoitunga kwa Niaba ya Mashine

Jumanne, Lodwar

Na nilivyojiona mjanja leo asubuhi!

Mtandao ulikatika tena, darasa la uzamili limejaa, na somo ni jinsi akili unde inavyotunga maandishi. Nikawaambia, basi leo mashine ni mimi. Niagizeni, nami nitaandika ubaoni neno baada ya neno, kila mara nikichagua linaloelekea kufuata.

Achol, anayesafiri kila wiki kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akaniagiza: "Andika barua ya mama anaomba kuhamishiwa nchi ingine."

Niliandika. Nikamtungia kijiji kilichochomwa, mtoto aliyepotelea mtoni, hata siku yenyewe ya mkasa. Darasa likapiga makofi. Nikawaambia, mnaona? Inateleza vizuri, na hakuna hata neno moja la kweli.

Kipindi kilipokwisha nikamkuta Achol amebaki peke yake, anainakili. Kumbe barua aliitaka kwa ajili ya mamake hasa.

"Futa hiyo," nikamwambia. "Ni uongo mtupu."

"Mwalimu, hii yako iko mzuri kuliko ya ukweli. Ile ya ukweli walishakataa mara mbili."

Nikamwambia maofisa wakigundua watamfungia mama mlango kabisa. Akaniuliza, bila hasira yoyote, "Sasa niandike nini?"

Ninalipwa kufundisha habari za mashine isiyokosa jibu. Nikachukua dasta, nikafuta ubao.

Alikuwa ameshafika mstari wa mwisho.