Kwenzi Wamefika Rudewa

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Wamefika! Asubuhi nimemwona dume juu ya mti mkavu nyuma ya choo — zambarau inayong'aa, tumbo jeupe pe. Pembeni jike lake, madoadoa tu, maskini. Kwenzi wangu, ndege wa mvua! Operesheni Vijiji ilitushusha mlimani mwezi wa nane, na wao wametufuata huku bondeni. Kule kwetu kwenzi wakirudi, wiki mbili hazipiti mvua imeshuka. Hawajanidanganya tangu nikiwa msichana. Nimemwambia mume wangu, Mathayo, tupande. Yeye anasema tumsubiri bwana shamba atangaze. Bwana shamba ana pikipiki, hana mabawa!

Jumatano, 6 Novemba

Jirani yetu Mwamvua, mzaliwa wa hapahapa, kanikuta natifua. Kacheka mpaka kakaa chini. Eti hao huja kila mwaka kufuata matunda ya mkuyu kule kijitoni, mvua inyeshe isinyeshe. Na bado anadhani dume na jike ni ndege wa aina mbili! Mtu kama huyo anifundishe mimi kwenzi? Nimemjibu kwa heshima, lakini nimemjibu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepanda. Debe zima la mahindi. Vumbi mpaka puani. Mathayo kauliza yakifia ardhini tutapanda nini tena, maana mbegu nyingine hatuna. Nimemwambia aanze kunoa jembe la palizi. Kalala kanigeuzia mgongo. Shauri yake.

Ijumaa, 15 Novemba

Jua. Kanga wa porini wamefukua mistari miwili, nimewafukuza kwa mawe. Kwenzi bado wapo, wanaimba. Sina wasiwasi.

Jumapili, 17 Novemba

Ngurumo katikati ya ibada! Nimemkanyaga Mathayo mguu kwa furaha, hata mchungaji kanitazama. Tulipotoka tumekwenda moja kwa moja shambani, bado tumevaa nguo za kanisani.

Mvua kweli. Kubwa, nyeusi, naiona kabisa — inanyesha kule juu mlimani. Kwetu. Kwenye mashamba tuliyoondolewa, ambayo hayana mbegu hata moja. Huku hata tone.

Kwenzi hawakukosea! Nimemwambia Mathayo hivyo, kwa sauti. Hakunicheka. Ingekuwa afadhali angenicheka. Kauliza tu upepo unaelekea wapi. Nimechota vumbi nikalirusha juu, nione litapeperukia wapi.

Limetuangukia miguuni.