Bodi Isiyokubali Prosesa ya Mdogo Wetu

S.L.P. 214,
Nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani, na kile kifua kimetulia? Wifi na watoto wazima? Mama hajambo, ila miguu bado inamvimba asubuhi. Mimi nipo, nashona, siku zinakwenda.

Kaka, nimefika mwisho wa akili. Ni habari za mdogo wetu.

Unajua tangu lori lilipopinduka na utingo wake akafia pale pale, hajashika usukani. Mwezi wa kumi na nne huu yuko chumbani, uso kaugeuzia ukutani. Majuzi muuguzi wa kliniki alimkalisha mbele ya kompyuta yenye mchezo wa kuendesha malori. Alicheza robo saa, jasho linamtiririka, lakini hakuacha. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Dada, ningekuwa nayo nyumbani, ningejaribu kila siku." Tangu ajali hakuwahi kutaka kitu. Hata chai huwa tunambembeleza.

Kompyuta za michezo zilizokwisha kuundwa bei yake haishikiki. Nikashauriwa ninunue vipande kimoja kimoja, tuunganishe wenyewe. Nikauza cherehani ya pili. Hapo ndipo nilipojiponza. Dukani nilipumbazwa na kadi ya picha, ile inayoutoa mchezo kwenye kioo, kubwa kama tofali, ina feni tatu, nikamalizia karibu pesa zote hapo. Vilivyobaki nikaokoteza: huku prosesa ya mtumba, ndiyo ubongo wa kompyuta, kule bodi kuu ya kuipachika. Nilimwuliza muuzaji wa bodi, "Hivi vitakubaliana?" Akasema, "Mama, kompyuta ni kompyuta tu." Nikaamini, mimi ambaye simshonei mtu suruali bila kumpima kiuno.

Jumanne tukavipanga mezani. Prosesa haikukaa kwenye soketi ya bodi. Nikadhani inataka kusukumwa, nikaikandamiza kwa kidole gumba. Ikatoa mlio kama wa mchele mbichi ukitafunwa. Kuitoa, vijipini vya chini vimelala upande. Tena saplai ya umeme niliyonunua ni dhaifu, haiwezi kuibeba ile kadi. Muuzaji amekataa kata kata kubadilisha.

Mdogo wetu aliondoka mezani. Alirudi kitandani akajifunika shuka gubigubi. Siku mbili hakula. Daktari alikwisha kutuonya tusimwache peke yake, kwa hiyo Mama akahamishia kiti chake mlangoni kwake, nami nikawa napindia nguo kwa mkono pale ukumbini, masikio yote chumbani. Nilijiona nimempa tumaini, kisha nikalivunja kwa kidole changu mwenyewe.

Ijumaa mchana nilikuwa nimeishika ile prosesa, machozi yananitoka. Nikasikia mlango. Mdogo wetu akanyoosha mkono. "Nipe. Na sindano yako nyembamba kuliko zote." Akakaa dirishani penye mwanga, akawa ananyoosha kijipini kimoja baada ya kingine. Macho yakimchoka anapumzika, kisha anaanza tena. Alasiri ndipo alipomaliza. "Vimenyooka," akasema, "lakini bodi hii si yake." Kisha akaomba chakula.

Usidhani mambo yamekwisha. Jana kashinda tena chini ya shuka. Sijui kama prosesa ni nzima, wala sijui kama yeye ataweza kungoja. Ndiyo maana nakusihi, wewe uliye karibu na mafundi: mtafute anayejua, atupatie bodi inayoikubali prosesa hii na saplai ya kuitosha kadi. Mtumba si neno. Ila visinunuliwe kabla hajahakikisha kwamba vinaingiliana. Tukikosea mara nyingine, naogopa hatainuka.

Nisalimie sana wifi na watoto, Kipepeo na mdogo wake. Mama anasema usimjibu yeye kwanza, umjibu mdogo wako. Mungu akufunike kwa mkono wake, akurudishe nyumbani salama kila utokapo.

Namba za vipande vyote ziko kwenye karatasi niliyoikunjia humu. Mwandiko utaujua, ameandika mwenyewe leo asubuhi. Chini yake ameongeza mistari miwili kwa ajili yako, akaniomba nisiisome. Sikuisoma. Isome upesi, Kaka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Fundi Cherehani