Kikopo Namba Sitini na Mbili

Kijiji cha Baleni,
Mafia.
19 Desemba, 1982

Mpendwa Shangazi Mwanahalima,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, niache niseme neno moja ambalo hajaambiwa mtu yeyote, si Mama wala Bibi, maana nikianza na salamu nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. Choo nilichowapa watu wa utafiti hakikuwa changu. Kilikuwa cha Mfaume.

Haya, nimekwisha sema. Sasa nakusalimu vizuri. U mzima, Shangazi? Watoto hawajambo? Lile goti lililokuwa likikusumbua wakati wa baridi limetulia? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakohoa kidogo kwa moshi wa kuni mbichi. Mdogo wangu Mfaume ametimiza miaka tisa na hatulii mahali pamoja. Mama yako, Bibi Bimkubwa, ni mzima, na sauti yake unaijua, ukisimama huko Tanga upepo ukiwa mzuri huenda unaisikia. Baba yuko dago, kambini na wavuvi wenzake upande wa Jibondo, hatumtegemei kurudi kabla ya mwezi ujao. Mimi niko likizo tangu katikati ya Novemba, na Januari, inshallah, naingia kidato cha tatu.

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyenifunda. Mambo niliyoyasikia kwako ndani siku zile sijayasikia kwa mwalimu yeyote, wa Kiswahili wala wa Kiingereza. Uliniambia nikiona aibu niseme kwa sauti ya chini, lakini niseme. Sikukusikiliza, na yaliyonipata ndiyo haya.

Watu wa utafiti walikuja wanne. Ni wa ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, iliyoundwa miaka hii miwili mitatu. Mkubwa wao anaitwa Bwana Pazi, mtu wa bara, mrefu, anavaa katambuga za mpira wa gari kama mkulima yeyote. Balozi wetu wa nyumba kumi alituita, tukadhani tutahutubiwa mpaka jua lichwe. Bwana Pazi hakuhutubu. Aliweka darubini juu ya meza, akadondosha tone la maji ya dimbwi, akamwita kila mtu achungulie. Mzee Hemedi, jirani yetu, aliuliza kama chombo hicho kinaweza kumwonyesha mkewe alipo, maana ameaga tangu asubuhi kwenda kuomba chumvi.

Baada ya watu kucheka ndipo Bwana Pazi akaeleza kilichowaleta. Wanatafuta safura, ule ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu: ni watu wangapi wanayo, na kwa nini mtaa huu inazidi kuliko ule. Kila mtu alitobolewa kidole, tone la damu likafyonzwa kwenye kipande cha karatasi, kisha wakalilinganisha na vipande vyekundu vilivyochapwa kitabuni, toka kilichokoza mpaka kilichopauka. Halafu kila mtu akapewa kikopo chenye mfuniko na namba. Mfaume alipata sitini na moja, mimi sitini na mbili. Alfajiri ya pili yake kila mtu alete choo chake.

Shangazi, unaijua njia ya chooni kwetu. Inapita mbele ya baraza ya Mzee Hemedi, na wanaume wanakaa pale tangu sala ya alfajiri. Mzee Hemedi mwenyewe alikwisha leta kopo zima la mafuta ya Kimbo, limejaa, akasema wageni wametoka mbali, si vizuri kuwafanyia uchoyo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikajiona nikipita pale, kikopo mkononi, na macho yote yale. Tena Bibi alikwisha tuonya tangu utoto kwamba kucha, nywele na choo haviendi kwa mtu baki, kwani hujui atavifanyia nini. Nikampa Mfaume kashata mbili anijazie na changu. Alisema hana shida, anacho cha kutosha watu watano.

Kuna jambo jingine nililokuwa nikilificha. Nilikuwa nakula udongo. Nyuma ya jiko, pale ukuta unapolowa mvua, nilikuwa nabandua kidogo kidogo. Nilianza mwaka jana, sijui kwa nini, nilikuwa nautamani kama mtu anavyotamani embe bichi. Nikipanda na kapu la mihogo kutoka shamba, moyo ulinipiga hata masikioni. Viganja vyangu vilikuwa vyeupe. Na jambo la kuchekesha, ingawa mimi sicheki, ni kwamba darasani, kwa Kiingereza, mnyoo wa safura namjua mpaka meno yake. Nilimchora kwenye mtihani nikapata kumi na nane juu ya ishirini. Kumchora nilimchora, lakini sikumtambua alipokuwa tumboni mwangu.

Majibu yalikuja baada ya wiki moja. Damu ya namba sitini na mbili ni ndogo sana. Choo cha namba sitini na mbili hakina safura, kina mayai ya chango machache tu. Bwana Pazi alimwambia Mama kwamba hajui sababu, na kwamba hapendi kukisia, angependa arudie kupima.

Bibi hakungoja arudie. Siku ile ile aliliona lile tundu nyuma ya jiko. Msichana amepauka, anahema, anakula udongo, na watu wa serikali wamesema safura hana. Kwa Bibi hesabu hiyo ina jibu moja: mimba. Aliniita ndani, akafunga mlango, Mama akiwa amesimama pembeni ameshika ukingo wa kanga yake mdomoni.

"Ya nani?" Bibi akaniuliza.

Sikuelewa. Nilipoelewa, ulimi ulikufa. Nikatazama mkeka. Na kwetu, Shangazi, unajua kunyamaza kwa mwali kunahesabiwa nini. Hata ndoa hufungwa kwa kimya kile kile.

Mama alilichukua sanduku langu lenye sare na vitabu, akalifungia chumbani kwake. Bibi alisema Baba akirudi kutoka dago ataambiwa, na wewe utapelekewa habari, kwa kuwa mwali ni wako. Hapo ndipo nililia. Nilikuona wewe ukiambiwa mbele ya watu kwamba kazi yako imeharibika. Kwa siku nne nilipika, nilichota maji, nililala, na hakuna aliyeniambia neno ila "sogea" na "chukua".

Siku ya tano Bwana Pazi alirudi, na kikopo kipya. Alikaa ukumbini akamweleza Bibi kwa adabu, huku akimwita "mama yangu", kwamba vikopo viwili vya nyumba hii, sitini na moja na sitini na mbili, vimefanana kama mayai ya kuku mmoja: chango wale wale, kiasi kile kile. Akanitazama mara moja. Mfaume alikuwa mlangoni, akaanza kujikuna kichwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, mimi niliyekuwa nikiimeza.

Bibi akamuuliza ana maana gani.

"Kosa ni langu, mama yangu," akasema. "Vikopo vilikuwa vingi, huenda nimebandika namba vibaya. Nipeni nafasi nisahihishe kazi yangu."

Alikuwa anajua, Shangazi. Aliponikabidhi kikopo aliinama kama anayefunga katambuga yake, akasema polepole, "Hiki ukijaze mwenyewe, binti yangu. Weka kwenye kikapu, funika na majani ya mchicha. Hakuna atakayekuuliza." Ndivyo nilivyofanya. Nilipita mbele ya baraza na kikapu cha mchicha, Mzee Hemedi akanitania kama tunapika nazi leo, nikamjibu tunapika. Basi. Kumbe lilikuwa jambo dogo namna ile.

Jioni aliniita mimi na Mama pale walipopanga, akaniambia nichungulie mwenyewe kwenye darubini. Nikaviona. Viyai vyenye ganda jembamba kama povu la sabuni, na ndani vimegawanyika vipande vinne. Nilitaja jina lake kwa Kiingereza kabla sijajijua, sauti ikatoka. Bwana Pazi akacheka, akamwambia Mama kwamba mgonjwa amejitajia maradhi mwenyewe. Mama hakucheka. Alikaa chini palepale, juu ya mchanga, akanivuta kichwa akakiweka mapajani pake, mimi mtu mzima wa kidato cha pili, mbele za watu. Sikuona aibu.

Tulielezwa kwamba mnyoo huyu haingii kwa mdomo. Anaingia kwa unyayo, kwenye udongo ulionajisika, na sisi sote huwa tunakwenda shamba peku, na kule wengi wasio na choo hujisaidia nyuma ya minazi. Ndala ulizonitumia nilikuwa nimezitunza sandukuni zisichakae, nizivae skuli. Sasa nazivaa mpaka shamba, na nakushukuru kwa kila hatua. Nilipewa vidonge vya minyoo na vya kuongeza damu. Leo ni siku ya tisa. Ule ukuta wa jiko naupita kama ukuta mwingine wowote. Sanduku langu limerudi, na Bibi alinichemshia dagaa kwa mkono wake, akanisimamia mpaka nikamaliza. Hajaniomba radhi kwa maneno, lakini wewe amekuzaa yeye, unajua dagaa wale walikuwa na maana gani.

Ningeishia hapo, barua hii ingekuwa ya shukurani tupu. Lakini Bwana Pazi alilibeba kosa langu, na sasa linamlemea.

Bibi amelichukua lile neno lake, kwamba alibandika namba vibaya, amelitembeza mtaa mzima. Kisimani, msibani, mpaka kwenye kisomo cha watu wazima alikohitimu. Anasema chombo kilichomsingizia mjukuu wake hakitampa dawa yeye. Darubini haikusema nina mimba, Shangazi, aliyesema ni yeye, lakini nani atamwambia? Wanawake wanamfuata. Keshokutwa Jumanne watu wa utafiti wanakuja kugawa vidonge upande wetu, na wanawake wamekubaliana kuwafungia watoto ndani.

Mmoja ni Hasina, mtoto wa miaka sita wa jirani yetu Kijakazi. Wenzake wakicheza yeye anakaa kizingitini, anawatazama. Juzi nilimvuta kope la chini kama Bwana Pazi alivyonivuta mimi. Ndani ni peupe kama nyama ya dafu. Mkononi alikuwa na kipande cha udongo, akakificha nyuma yake haraka, na namna alivyokificha naijua. Mama yake amesema hanywi kitu mpaka Bibi Bimkubwa aseme.

Jana nilimfuata Bwana Pazi nikamuuliza kwa nini hajitetei. Nilimuuliza huku nikitazama chini, lakini niliuliza. Alisema kijiji kikimwona yeye ni mzembe, atakuja tena mara tatu, mara nne, mpaka wamzoee, hiyo ni sehemu ya kazi yake. Lakini msichana akiaibishwa kwa ajili ya kikopo, hakuna msichana mwingine atakayeleta kikopo chake. Alisema hivyo tu, akaendelea kuosha vioo vyake.

Nimelala na maneno hayo. Ni mtu mgeni, hana undugu nasi, na amekubali kudharauliwa na mama yako kwa ajili ya haya zangu. Sijui nitamshukuruje isipokuwa kwa kumvua lile kosa. Nilidhani nikikuandikia wewe kwanza, ulimi utazoea. Umezoea kidogo.

Nisalimie mumeo, Mzee Sabiti, mwambie redio aliyotuletea ingali inasema ila inataka betri. Nisalimie wanao, Time na Marijani mdogo ambaye sijamwona tangu atahiriwe. Mama anakusalimu sana, na Mfaume anauliza kama Tanga kuna kashata. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya ya damu na ya miguu, na atukutanishe tukiwa tunatazamana usoni.

Shangazi, Bibi anakuja. Namjua kwa anavyovuta mguu mmoja uani. Tangu nianze kuandika amepita mara mbili, na mara zote mbili nimeichomeka barua hii chini ya mkeka. Sasa hivi anasoma, usisahau, kile kisomo amekimaliza na cheti amekitundika ukutani. Anasoma polepole, kwa sauti, kila neno, na haruki hata moja.

Naiacha wazi juu ya goti. Amesimama mlangoni, anauliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia ni barua yako, Shangazi, na ndani yake kuna jambo langu analopaswa kulisoma kabla ya Jumanne. Anakaa. Anaomba nimshikie karatasi iwe karibu na mwanga, aanzie juu.

Mwali wako akupendaye,
Saleha Muhidini